Kijijini kila mtu anamjua mwenzake: mpelelezi wa riwaya atapeleleza nini?

#1 Karafuu_Mbichi
Wakuu, salaam. Mwaka wa pili huu nahangaika na riwaya ya upelelezi. Nimeiweka shamba kwa sababu shamba ndiko nilikokulia, kaskazini ya Unguja, na mjini sikujui kiasi cha kuweza kuwadanganya wanaokujua. Mtu kauawa usiku mmoja mwisho wa msimu wa karafuu, siku mbili baada ya wachumaji kulipwa. Mpaka hapo mambo safi.

Taabu imeanzia sura ya nne. Mpelelezi wangu anaingia kijijini, anauliza maswali, na mimi mwandishi nabaki nimeduwaa. Kwetu mtu akichinja kuku jioni, asubuhi nyumba ya kumi wanajua nani alikula firigisi. Mwenye deni anajulikana, mwenye mchepuko anajulikana, aliyelala nje jana anajulikana na mlango aliolalia unajulikana. Sasa muuaji nitamficha wapi? Nikimficha, wasomaji wa shamba watanicheka. Nisipomficha, kitabu kimekwisha ukurasa wa arubaini.

Nimerudi kwa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wetu wa Zanzibar, na mpelelezi wake Bwana Msa kutafuta msaada. Mzimu wa Watu wa Kale ni ya 1960 na bado inaninyima usingizi. Yeye aliwezaje? Nisaidieni, na msinambie nihamishie riwaya Dar.

#2 Kijana_wa_Kariakoo
Hamishia Dar 😂

Sitanii mkuu. Riwaya ya Simu ya Kifo ya Katalambulla ilitoka 1965, baada yake akina Musiba na Mtobwa wote wakakimbilia mjini. Kuna sababu. Mjini mtu unakaa naye chumba cha pili miaka mitano humjui jina. Hapo ndipo penye siri.

#3 Mwalimu_Mstari
Kijana, Mtobwa na Musiba ni riwaya za kijasusi na mapambano zaidi kuliko za fumbo. Willy Gamba, shujaa wa Musiba, hakai chini kuuliza nani alikuwa wapi saa tatu usiku, yeye anafukuzana na watu wenye bastola. Anachokiuliza mwenye uzi ni kitu kingine: maiti moja, watu wachache wanaojuana, na msomaji anayeshindana na mpelelezi. Hicho kitu kinapenda pahala padogo. Agatha Christie alipomtoa Miss Marple katika riwaya mwaka 1930 alimweka kijijini, kikongwe anayefuma sweta na kuchungulia bustani za majirani. Na Holmes, kwenye kisa kimoja cha 1892, akiwa ndani ya treni anamwambia Watson kwamba nyumba za mashambani zinamtisha kuliko vichochoro vichafu vya London, kwa kuwa kule hakuna jirani wa kusikia kilio.

#4 Karafuu_Mbichi
Ahsante Mwalimu, lakini Holmes anazungumzia nyumba iliyo peke yake katikati ya konde. Kwetu jirani anasikia kilio, na kama hukulia anakuja kuuliza kwa nini hulii.

#5 Afande_Kiinua
Nimetumikia miaka mingi vituo vya shamba, sasa nimestaafu nafuga kuku. Wacha nikwambie ulipokosea kijana. Umechanganya KUJUA na KUSEMA.

Kisa kimoja, sitataja pahala. Mtu alijeruhiwa vibaya kwa panga usiku. Tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja: "Mie nililala mapema afande, baada ya isha tu." Nyumba ya kwanza, ya pili, ya ishirini, wote walilala. Nilikuwa bado mgeni, nikaandika yote kwenye daftari vizuri. Jioni mwenzangu mzaliwa wa huko anasoma daftari langu anacheka mpaka machozi. Usiku ule kijijini kulikuwa na maulidi, na dufu lilipigwa mpaka alfajiri. Kijiji kizima kililala usiku wa maulidi!

Walijua wote. Tulikuja kuambiwa wiki tatu baadaye, sikuvaa sare, nimekwenda zangu mazikoni. Mzee mmoja alinisogelea wakati tunatia mchanga akanong'ona jina moja tu, kisha akaendelea kusoma.

Kwa hiyo mpelelezi wako asitafute nani anajua. Atafute nani ana sababu ya kuvunja ukimya.

#6 MzeeKiko
Afande kanena. Nami niongeze juu ya Muhammed Said Abdulla aliyetajwa na mwenye uzi. Mimi nimesoma vyote saba: Mzimu wa Watu wa Kale, Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Huyu bwana alikuwa mtu wa kilimo, bwana shamba hasa, ndiyo maana alijua mambo ya mashamba. Siri yake ni hiyo tu, kazi yake.

Kwa masikitiko, nakala yangu ya Duniani Kuna Watu iliazimwa 2009 na haijarudi mpaka leo. Aliyeichukua aliapa kwa mwezi mtukufu.

#7 Ngalawa_Mbovu
Mzee samehe tu ulale. Kitabu kisicho na kurasa za mwisho unakililia cha nini 😂 Fumbo lisilo na jawabu hilo, bora upewe mihogo.

Kuhusu mada: muuaji wa kijijini anajulikana kwa alama moja. Ndiye wa kwanza kufika na jembe kuchimba kaburi, na ndiye anayewaambia watu walie taratibu.

#8 Kusini_Maweni
MzeeKiko samahani, nakusahihisha kwa adabu. Muhammed Said Abdulla hakuwa bwana shamba. Kazaliwa kwetu Makunduchi 1918, kazi ya mwanzo aliifanya idara ya afya, mkaguzi, yaani bwana afya. 1948 ndipo akaingia magazetini, akawa mhariri wa Zanzibari. La kilimo lililokuchanganya ni kwamba kutoka 1958 mpaka alipostaafu 1968 alihariri Mkulima, ambalo ni gazeti la wakulima. Alihariri gazeti, hakulima.

Na nadhani hilo la afya ndilo muhimu zaidi. Bwana afya wa zama zile anapita kijiji kwa kijiji, anaingia nyumba za watu, anafunua mitungi kutafuta viluwiluwi, anachungulia kisima na choo. Ni mtu gani mwengine mwenye ruhusa ya serikali kuchungulia uani kwako bila kukushuku kwa lolote? Mpelelezi huyo keshapatikana, amekosa maiti tu.

#9 MzeeKiko
Nimekubali kosa. Umri. Lakini Mkulima nililisoma mwenyewe utotoni.

#10 Mwalimu_Mstari
Hoja ya bwana afya nimeipenda ila nadhani inanyooka kupita kiasi. Wakaguzi wa afya walikuwa wengi, aliyeandika Bwana Msa ni mmoja. Tusisahau kulikuwa na mashindano. Mzimu ulipata zawadi ya kwanza kwenye mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58. Mtu anayeandikia mashindano anafikiri nini kitamshtua msomaji ambaye hajawahi kuona upelelezi kwa Kiswahili. Kuchukua kiko na akili ya Holmes ukavipeleka kwenye mzimu wa shamba lilikuwa jambo jipya kabisa. Kwa hiyo huenda shamba alilichagua kama jukwaa, kwa ajili ya ule mgongano.

#11 Pemba_Peremba
Na mie nnaona vyengine kabisa. Nyote mnamsifu kwa kulijua shamba. Bwana Msa ni mtu wa shamba? Anakuja shamba kama mgeni, kashika kiko, anaona watu wanaogopa mzimu, anawatoa ushamba, anarudi zake mjini. Shamba pale ni pahala pa giza pa kwenda kuwasha taa. Nnampenda, lakini nikisoma naona jicho la mtu wa mjini.

Karafuu_Mbichi, riwaya yako ikitoka kwa mtu aliyepanda mkarafuu mwenyewe akaanguka, ndiyo itakuwa kitu kipya.

#12 Karafuu_Mbichi
Nimeanguka mara mbili, mkono wa kushoto haunyooki vizuri. Hilo limeniuma na kunifurahisha pamoja. Mpelelezi wangu mimi pia nimemleta kutoka mjini! Sikujiuliza hata kwa nini.

#13 Kusini_Maweni
Pemba_Peremba, jicho la mjini gani na mtu kazaliwa Makunduchi? Huku kwetu si nchi ya mikarafuu, ni mawe matupu, na chini ya mawe ni mapango, na mapango mengine ni mizimu watu wanapeleka ubani na vitambaa mpaka leo. Aliyekulia huku hahitaji kuhadithiwa mzimu. Halafu ardhi ya mawe haishiki unyayo, ukipita ni kama hukupita. Mpelelezi wa maweni lazima atumie kichwa kwa kuwa hana nyayo za kufuata. Sisemi ndiyo sababu, nasema lifikirini.

#14 Ngalawa_Mbovu
Watu wa Makunduchi kila kitu chenu. Kesho mtasema Holmes naye alicheza Mwaka Kogwa wenu wa mwaka mpya.

#15 Binti_Mwani
Hodi. Mimi nalima mwani kusini mashariki, riwaya nasoma usiku. Mnazungumza sana juu ya watu, nyie hamna saa kijijini?

Huku pwani saa yetu ni maji. Wakati wa bamvu, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana mnamo saa nne asubuhi, hapo wanawake wote tupo ndani ya bahari. Kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini. Mwezi saba au mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, hayakupwi vya maana, hakuna anayefunga mwani. Sasa mshukiwa wako aseme "siku hiyo asubuhi nilikuwa pwani navuna" na siku yenyewe mwezi saba. Polisi wa mjini ataandika na kushukuru. Bibi yangu atatema tambuu acheke.

Fumbo la namna hiyo nimelitafuta kwenye vitabu sijalikuta. Nina riwaya moja ya Bwana Msa, Duniani Kuna Watu, binamu kanipa, lakini imekatika mwisho, mchwa wameila. Mpaka leo sijui ilikwishaje. Mwenye kujua asinambie, nataka niisome.

#16 Afande_Kiinua
Binti, kesi ngapi zimenipita kwa kutojua maji! Nashukuru nimestaafu.

#17 Karafuu_Mbichi
Hili la maji mafu naliomba rasmi. Nitakutaja kwenye shukurani.

#18 Binti_Mwani
Chukua. Nitaje kwa jina la humu, mume wangu hajui kama naingia mitandaoni usiku.

#19 Pemba_Peremba
Kama ni saa, karafuu nayo ni saa. Ikichumwa inachambuliwa vikonyo usiku ule ule, asubuhi inatandazwa juani kwenye jamvi. Jua likiwa zuri siku nne tano imekauka, ukivunja inalia. Ukiiacha mbichi kwenye gunia siku mbili inavunda na rangi inakufa, hata ukiianika haiwi nyekundu nzuri tena. Kwa hiyo gunia likikutwa na karafuu iliyopauka, mjuzi anakwambia hii ilifichwa mbichi kabla ya kuanikwa. Ilifichwa na nani, kwa nini, usiku gani? Hapo hukumhoji mtu hata mmoja.

Ukitaka kunogesha tia magendo. Karafuu ya Pemba imevushwa usiku kwenda Kenya miaka na miaka, kila mtu anajua. Mtu aliyekuwa pwani usiku wa mauaji akipakia magendo hawezi kusema alikuwa wapi. Si muuaji, lakini ushahidi wa kumwokoa ndio wa kumfunga.

#20 Kijana_wa_Kariakoo
Naanza kujuta kusema Dar.

#21 Ng'ombe_Mia
Nawasoma kutoka Shinyanga. Nyie mnazungumza mzimu kama mapambo ya hadithi. Kwetu jambo hili si mapambo.

Miaka mingi usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama ikawa macho mekundu. Macho mekundu ya mama aliyepikia samadi ya ng'ombe na kuni mbichi miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha! Usiku wanaingia watu na mapanga, asubuhi kijiji kinasema "alikuwa mchawi", faili limefungwa vichwani mwa watu kabla polisi hajafika. Ukichimba mara nyingi unakuta ajuza huyo ni mjane na ana shamba, na yupo mtu ambaye shamba hilo litamwangukia.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye uzi: muuaji wa kijijini anajificha nyuma ya maelezo yaliyokubalika. Hahitaji kujificha kichakani. Neno "uchawi" likishatamkwa, hakuna anayeuliza aliyekuwa na panga.

#22 Mwalimu_Mstari
Hii ndiyo post ya uzi huu. Na tukirudi kwa Abdulla, kazi yake yote ni hiyo: jambo linasingiziwa mzimu, Bwana Msa anaonyesha mkono wa mtu. Giningi kwa Wazanzibari ni kao la wachawi, na yeye akapaita kisima chake jina hilo makusudi.

#23 Ngalawa_Mbovu
Mzito huo Ng'ombe Mia, leo kwako sina mzaha.

#24 Pemba_Peremba
Nnakubaliana nusu. Mwaka 1995 tulipopatwa na Popobawa, kiumbe kilichosemwa kinavamia watu usiku, watu walilala nje makundi makundi, moto umewashwa, Pemba kisha Unguja. Walikuwapo waliosema siasa za uchaguzi ule, wengine wakasema wezi, wengine kweli jini. Mie nilikuwa mdogo nalala katikati ya shangazi zangu wanne, na mpaka leo sijasikia maelezo yaliyonitosheleza. Mwandishi akija na taa yake akaniambia "alikuwa fulani", nitahisi kaniibia kitu. Si kila giza lina mtu ndani. Acha riwaya nayo ibakishe kidogo.

#25 Ng'ombe_Mia
Ndugu, kwako wewe giza hilo liliishia kuwa kumbukumbu ya kulala na mashangazi. Kwetu liliishia makaburini. Siwezi kulibakisha.

#26 Pemba_Peremba
Nimekuelewa. Siondoki nilipo, lakini nimekuelewa.

#27 Sindano_Baridi
Niko zahanati ya kijijini, bara. Naongeza la kwangu. Kijijini silaha ipo kila nyumba: panga, mundu, mchi, dawa ya kuulia wadudu. Hii ya mwisho ndiyo inayonitisha. Mtu analetwa anatoka jasho na mate, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, na ndugu wanasema kapandisha jini. Harufu ya dawa ya pamba inasikika kutoka mlangoni! Wengine hawaletwi kabisa, wanazikwa na jini lao. Agatha Christie alijifunza sumu akitoa dawa hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na inaonekana. Mwandishi wa shamba akae wiki moja na mganga wa zahanati.

#28 Ukhti_Sitara
Hamjamtaja shahidi mkubwa kuliko wote: mwosha maiti.

Nimeosha. Mauti ya shamba mtu akifa asubuhi, adhuhuri au alasiri keshazikwa. Anayemwona mwili mzima ni sisi watatu wanne nyuma ya pazia. Tunaona mchubuko, tunaona kucha, tunaona mgongo. Na tumefundishwa kusitiri: ulichokiona kwa maiti hukitoi. Mpelelezi wako akitaka kujua aende kwa bibi mwosha, amkute anakoroga uji, amuulize, na bibi aseme "Nimemwona katulia, Mungu amrehemu." Na ajue. Na msomaji ajue kuwa anajua.

#29 Afande_Kiinua
Dada, sitara ni ya aibu. Jinai haisitiriwi. Mwosha akiona jeraha anatakiwa amwambie sheha, kiongozi wa kijiji, kabla maiti haijatoka. Mkishazika, kufukua ni mpaka amri ya mahakama, na ugomvi wa ukoo juu yake.

#30 Ukhti_Sitara
Afande, kwenye kitabu cha sheria ni hivyo. Nyuma ya pazia mchubuko wa aliyepigwa na mume wake ni aibu au ni jinai? Nani anaamua, mimi na ndoo yangu?

#31 Afande_Kiinua
Jinai.

#32 Ukhti_Sitara
Wewe kwako rahisi.

#33 Karafuu_Mbichi
Nimeisoma hiyo mara tatu. Msiendelee kugombana, au endeleeni, sijui. Sura ya nne nimeifuta yote jana usiku.

#34 Kusini_Maweni
Tusisahau miti. Wa bara huenda hamjui: kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yakagawiwa eka tatu tatu, hapo hesabu zikazidi kuchanganyika. Mikarafuu sita, ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, mmoja yuko Maskati hajarudi tangu aondoke, na karatasi aliyonayo kila mmoja inasema vyengine. Huhitaji mapenzi wala njama ya kimataifa. Sababu ya kuua unaipata kwenye kivuli cha mti.

#35 Kijana_wa_Kariakoo
Mjini tunauana kwa ajili ya geti la pamoja, naona tupo sawa tu.

#36 Sindano_Baridi
Karafuu, umesema kauawa siku mbili baada ya malipo. Kwa hiyo ni wizi?

#37 Karafuu_Mbichi
Nilikuwa nimepanga ionekane wizi kumbe urithi. Sasa sijui. Mwalimu anataka mgongano, Ng'ombe Mia anataka maelezo yaliyokubalika, Pemba anataka kibaki kitu kisichoelezwa, Ukhti kaniletea bibi ambaye nahisi atakula kitabu kizima. Na mpelelezi wa mjini namrudisha kwao na boti ya saa kumi. Lakini nikimrudisha, atapeleleza nani?

#38 Mwalimu_Mstari
Lazima awepo mtu wa kuuliza kwa niaba ya msomaji. Ukimtoa mgeni, msomaji wa Mwanza atajua vipi bamvu ni nini?

#39 Pemba_Peremba
Atajua kama mie nilivyojua theluji kwenye vitabu vya skuli. Hakuna aliyenieleza.

#40 Binti_Mwani
Mpe kazi mgema. Yupo juu ya mnazi asubuhi na jioni, anaona uani mwa kila mtu, anaona nani katoka mlango wa nyuma. Na hakuna atakayetaka ushahidi wake, kwa sababu anagema tembo, na wanaokunywa hawatasema walikuwa kwake. Kuna kijiji kizima hakiwezi kuthibitisha kilipokuwa jioni ile.

#41 Afande_Kiinua
Umenikumbusha mtu. Sisemi.

#42 Ng'ombe_Mia
Afande nawe umelala mapema? 😂

#43 Karafuu_Mbichi
Mgema na mwosha maiti. Mmoja kaona mtu akiwa hai mara ya mwisho kutoka juu, mmoja kamwona baada ya kufa kutoka karibu. Hawasalimiani kwa sababu ya tembo. Wakuu, naondoka kidogo nikaandike kabla halijapotea.

#44 MzeeKiko
Nenda baba. Mimi nimebaki na jambo dogo. Binti_Mwani, nimerudi kusoma post yako ya 15. Hiyo Duniani Kuna Watu uliyonayo, jalada lina duara la kikombe cha kahawa?

#45 Binti_Mwani
Lina duara, upande wa chini kulia. Nilidhani ni la binamu, yeye mnywaji wa kahawa.

#46 MzeeKiko
Ukurasa wa kwanza ndani kuna jina kwa wino wa kijani?

#47 Binti_Mwani
Jina hamna. Pamekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi imekuwa nyembamba. Lakini umebaki mkia wa herufi, na kweli ni wa kijani. Mzee, haki ya Mungu mimi nilipewa tu.

#48 MzeeKiko
Sikulaumu mwanangu, kaa nacho mpaka nikuazime Siri ya Sifuri. Binamu yako anavua?

#49 Binti_Mwani
Anavua. Ana ngalawa lakini inavuja.

#50 Afande_Kiinua
Hebu, hebu. Narudi post ya 7.

#51 MzeeKiko
Nimeshaifika Afande. Ngalawa_Mbovu, mwanangu, mimi post ya 6 nilisema kitabu changu kiliazimwa. Nilisema wapi kwamba hakina kurasa za mwisho?